Nta Juu ya Meza ya Chuma

Kutu ya kwanza ilikuwa na vidole vitano. Ya pili pia. Asubuhi iliyofuata maombi ya kuiweka wakfu mashine yetu ya randa, nilihesabu viganja sita vya rangi ya kahawia juu ya meza yake ya chuma, vimetandazwa kama vya watu waliokuwa wakijaribu kutoka ndani. Kimoja kilikuwa na kidole cha shahada kilichoishia kwenye kifundo cha kwanza. Kambi nzima ya Dzaleka ilijua kidole hicho ni cha shemasi gani.

"Shetani ameingia humu," akasema baba mdogo.

"Ni bashemasi," nikasema. "Jasho iko na chumvi, papa. Chumvi, chuma na unyevu, ukibiacha pamoja usiku moja, unapata hii."

"Mikono ya batumishi haileti kutu."

"Sasa mbona kutu iko na vidole?"

Baba mdogo akainama, akaweka kiganja chake juu ya kimojawapo bila kukigusa, akipima. Kilimtosha kama kiatu. Alikuwa shemasi yeye mwenyewe. Akauondoa mkono taratibu na kuutia mfukoni.

"Mi sikuigusa," akasema fundi wa Kindu kutoka kwenye kiti chake. "Muandike hiyo."

Fundi wa Kindu alikuwa mshirika wa baba mdogo. Alitengeneza viti na vitanda. Kabla ya vita aliuza vitambaa na chumvi huko Maniema, na kwa kuwa alikuwa Mwislamu, wakati mashemasi sita walipoizunguka mashine na kuiwekea mikono yeye alikaa pembeni akipiga msasa mguu wa meza. Maombi yalikuwa marefu. Ilikuwa mwanzo wa mvua, joto la kabla ya radi, na kila mmoja aliomba kwa zamu bila kuuinua mkono. Nilikuwepo. Nilitazama jasho likishuka kutoka kwenye mabega, likipita viwiko, likifika kwenye chuma, na nikajiambia nisiseme kitu, kwa sababu wiki hiyo nilikuwa nimekwisha kuwauliza kwa nini Mungu ahitaji kuelezwa mashine ni ya nini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa naamini kitu chochote, hata kalenda. Nilisoma kemia chuo kikuu mpaka mwaka wa tatu. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza, chuo kilifungwa nikiwa katikati ya mtihani wa vitendo, na hadi leo sijui kile kimiminika changu kingegeuka rangi gani. Nilifika Malawi na daftari moja na tabia ya kuuliza. Kambini waliniita Prof. Wengine walilitamka kwa heshima. Baba mdogo alilitamka kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Mashine haikuwa yetu. Ilikuwa ya bwana mmoja Mmalawi aliyekuwa na karakana ya milango huko Chilinde, Lilongwe. Alikuwa amenunua nyingine mpya na hii ya zamani haikuwa na mahali pa kukaa. Aliileta kwa pikapu, pamoja na injini yake ndogo ya dizeli, wakaishusha watu wanane, wakaiweka ndani ya atelye yetu ya useremala iliyoegemea ukuta wa gereza lililokuwa hapo kabla ya kambi. Meza yake ilikuwa chuma kizito, kipana, kilichonyooka na kung'aa, na huyo bwana aliipenda kuliko nilivyopata kumwona mtu akipenda chuma. Aliwahi kumwazima fundi mwingine msumeno wa meza, akarudishiwa ukiwa na kutu kama ngozi ya mamba. Tangu hapo hakumwamini mtu. Tulielewana sana, mimi na yeye, katika jambo hilo.

Masharti yake yalikuwa mafupi. Mkanda unaoiunganisha injini na mashine aliuvingirisha begani na kuondoka nao. "Mvua zikiisha nitakuja," alisema. "Nikiiona sura yangu kwenye meza hii, nawapa mkanda, mashine inabaki, mnanitengenezea milango. Nikiona kutu, naondoka na mashine."

Baba mdogo alikubali kabla hajamaliza. Bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Ujana wake wote na utu uzima wake aliutumia kusukuma randa ya mkono, kule Fizi na hapa, na sasa alikuwa hawezi kuinua kikombe cha chai bila kukisindikiza kwa mkono wa kushoto. Akisukuma ubao mmoja, alikaa chini nusu saa akijifanya anautafakari. Bila mashine ile, asingemaliza mwaka akiwa seremala, na zaidi ya useremala alijua kuimba besi tu.

Kwa hiyo viganja sita vya kutu havikuwa mzaha, ingawa fundi wa Kindu alicheka mpaka akakohoa.

Tulivisugua kwa majivu na mafuta ya taa siku mbili. Kile cha kidole kifupi ndicho kilichokuwa cha mwisho kutoka. Kisha tukakaa kuizunguka meza, mikono magotini, kujadili tuipake nini.

"Mawese," akasema baba mdogo. "Kule Fizi, kwa kiwanda ya pamba, mashine zote balipaka mawese. Hata moja haikupata kutu."

"Ziko wapi sasa?"

"Ziliibiwa."

"Basi hatujue kama zilipata kutu ao hapana."

"Muntu hawezi kuiba kitu ya kutu, Prof."

Fundi wa Kindu alisema kwao wachuuzi walipaka panga nta ya nyuki, zikasafiri kwa mtumbwi mwezi mzima na kufika na ngozi yao. Mama mmoja Mchewa aliyekuwa akiuza nyama ya nguruwe karibu na kisima, ambaye hakuna aliyemwuliza, alisema jembe lake analipaka mafuta ya nguruwe yasiyotiwa chumvi, tukalitazame. Katekista wa Wakatoliki akatuma vipande vya mishumaa vilivyobaki kanisani kwake. Mvua ilipopiga bati la jirani, kila mtu alikuwa na dawa yake, na hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Nikasema tupime. Nilitafuta majembe matano mabovu, nikayasugua mpaka yakang'aa, nikayatundika kwenye ukingo wa paa pale maji yanapodondoka. La kwanza halikupakwa kitu. La pili mawese, la tatu mafuta ya nguruwe, la nne mshumaa ulioyeyushwa, la tano nta ya nyuki, kipande kidogo alichokuwa nacho fundi wa Kindu kwa ajili ya nyuzi.

"Ile jembe ya nguruwe," akasema fundi wa Kindu, "uisongeze mbali na kiti yangu."

"Mbali namna gani, papa?"

"Mpaka nisahau kama iko."

Nikalihamishia kona ya pili. Akageuza kiti. Baba mdogo naye alitaka la mishumaa liondolewe, kwa sababu mishumaa ilitoka kwa Wakatoliki. Nikamwuliza mshumaa unakuwa Mkatoliki saa ngapi, maana unauzwa dukani kwa kila mtu. Akafikiri.

"Ukiwashwa kule kwao," akasema.

"Na ukizimwa?"

"We njo maana huolewi."

Siku ya pili, jembe tupu lilikuwa jekundu. La mawese lilipendeza siku tatu, kisha sisimizi wakajipanga juu yake foleni nzuri kuliko ya posho, na chini ya mawese, nilipokwangua, palikuwa na kutu kama kawaida. Baba mdogo akasema sisimizi hawali kitu kibaya. La mshumaa lilikauka, likapasuka, likaanza kubambuka kama ngozi ya mtu aliyepona surua. La nguruwe, na hili nilitamani lisiwe kweli, liling'aa kuliko yote. Kila asubuhi nililikagua, kila asubuhi halikuwa na doa, na kila asubuhi fundi wa Kindu aliniuliza kutoka kitini, akiwa amegeukia ukuta, "Na lile?"

"Linaendelea vizuri, papa."

"Pole."

Nilikuwa nimejiapiza kutoficha matokeo. Usiku nilijiuliza nitamwambiaje mtu huyu kwamba kisayansi inabidi awe anaweka viganja vyake juu ya nguruwe kila siku, mpaka afe au mpaka amani irudi Kongo. Nilimwambia hivyo hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza vumbi la mbao kwenye msasa.

"Prof, mi sikukatazi kupima," akasema. "Pima. Kisha ukishapima, utafute ingine."

Siku ya tano jembe la nguruwe halikuwepo. Tulilikuta nyuma ya kanisa, limeburutwa na mbwa na kulambwa mpini kwa bapa, na pale alipolamba palikuwa pameshika kutu. Nikaandika kwenye daftari kwamba haiwezekani kujua kama mafuta ya nguruwe yameshindwa au mbwa ameshinda. Fundi wa Kindu alimnunulia mbwa yule utumbo wa samaki. Alikana, lakini nilimwona.

Ilibaki nta ya nyuki. Tatizo lake lilikuwa ugumu: haikutandaa. Palipofika nta, chuma kilikuwa salama. Palipokosa, kutu. Ilihitaji kitu cha kuilainisha, kitakachoibeba mpaka kila mahali kisha kiondoke chenyewe hewani. Hapo nikamkumbuka mfagizi wa maabara yetu chuoni, aliyeng'arisha meza kwa nta na tapentaini, na ambaye katika miaka mitatu sikuwahi kumwuliza swali hata moja, mimi niliyemwuliza kila mtu.

Kutoka kambini kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji sababu. Nta haikuwa sababu. Nikaandika "jino". Nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kubwa, nikapata lori la kabichi, nikashuka Lilongwe nikiwa na harufu ya kabichi na jino zima kabisa.

Nta niliipata Likuni, kwa bibi mmoja aliyeuza asali kando ya njia. Ilikuwa donge jeusi lenye miguu ya nyuki ndani. Nikamwuliza nitajuaje kama ni nta safi, haikuchanganywa na kitu.

"Kawaulize nyuki," akaniambia. "Mimi nimeikuta hivyo."

Lilikuwa jibu la kwanza la uaminifu nililopewa wiki ile, nikanunua donge zima. Kisha nikaenda Chilinde sokoni, kwenye vibanda vya wauza rangi, nikapata chupa ya tapentaini. Nilikuwa nikiinusa kuhakikisha, maana nilikwisha kuambiwa kwamba wanaichanganya na mafuta ya taa, niliposikia mtu akisema nyuma yangu, "Achemwali, dada, si wewe wa mashine yangu?"

Alikuwa bwana wa Chilinde, mwenye mashine. Alikuja kununua misumari.

"Meza yangu inaendeleaje?"

"Inang'aa," nikasema. Ilikuwa kweli kwa siku hiyo.

"Na hiyo tapentaini ya nini?"

Ningeweza kumwambia. Lakini kumwambia tunatafuta cha kuzuia kutu ni kumwambia tumeshaiona kutu, na kutoka hapo hadi kwenye vidole vya mashemasi si mbali. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kibali. "Jino," nikasema, nikashika shavu.

Mtu mwenye huruma ni hatari. Alinishika bega, akanipeleka vibanda vitatu mbele kwa mama aliyeuza mizizi, akamweleza kwamba mtoto huyu wa watu, mkimbizi, anateseka mpaka anataka kunywa rangi. Mama yule hakuniuliza jino lipi. Alinifungua mdomo kama anayeangalia umri wa mbuzi, akanisukumia kipande cha mzizi, akasema nitafune na nisiteme mpaka aniruhusu. Walisimama wote wawili kunitazama. Nilitafuna. Ulimi ulikufa kwanza, kisha shavu, kisha sikio.

"Limetulia?" akauliza bwana wa Chilinde.

Nilijaribu kusema zikomo, asante ya kwao, ikatoka hewa tu. Akafurahi sana. Nilirudi juu ya lori lingine nikidondosha mate hadi Dowa, wilaya ya kambi yetu, na kwa mara ya kwanza tangu niikimbie Uvira nilikaa saa mbili bila kumwuliza mtu kitu.

Kupika nta ilikuwa kazi ya adhuhuri moja, na vita. Baba mdogo alitaka sufuria iwekwe juu ya mkaa moja kwa moja kama ya ugali. Nikamweleza kwamba nta ikizidi moto inawaka, na tapentaini haihitaji hata kuzidi. Sufuria ndogo ya nta inakaa ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto, nta inayeyuka polepole, tunaichuja kwa kitambaa kuondoa miguu ya nyuki, tunaitoa, tunaipeleka mbali na moto kabisa, ndipo tunatia tapentaini, vikombe vitatu kwa kimoja cha nta, tukikoroga mpaka ipoe na kuwa kama siagi.

"Sufuria ndani ya sufuria," akasema baba mdogo. "Batu bataona batasema tunapika kitu ya uchawi."

Watu hawakusema hivyo. Harufu ya asali ilienea, na wamama wanne wakaja na vikombe. Ilibidi fundi wa Kindu asimame mlangoni kueleza kwamba si chakula. Hawakumwamini, na mmoja alichovya kidole, akakaa nacho mdomoni kwa muda, akaondoka bila kuaga.

"Ndani hakuna nguruwe?" akauliza fundi wa Kindu.

"Hakuna, papa."

"Mushumaa?" akauliza baba mdogo.

"Hakuna."

"Basi ni ya bote," akasema fundi wa Kindu, na akawa wa kwanza kuchovya kitambaa.

Niliwaonyesha. Unapaka kidogo sana, mpaka chuma kionekane kama kimepumuliwa tu. Unasubiri kikauke. Kisha unafuta kwa kitambaa safi, kwa nguvu, duara baada ya duara, mpaka mkono uchoke. Kufuta ndiko kunakobakiza tabaka jembamba, gumu, linalong'aa. Nilifuta nusu ya meza, fundi wa Kindu akafuta nusu. Ilipokwisha, tone la maji likidondoka juu yake lilikusanyika kama shanga na kukimbia. Baba mdogo alilidondosha tone moja, jingine, jingine, kama mtoto. Nikamwambia arudie hivyo kila baada ya wiki mbili. Tukaifunika kwa turubai. Nami nikaitwa kufundisha hesabu shule ya kambi, nikawa napita mbele ya atelye bila kuingia.

Hapa ndipo kosa lilipo, na ni langu. Nilikuwa nimeuliza maswali yote ya nta na sikuuliza moja la bega.

Baba mdogo hakuweza kufuta. Kupaka aliweza, kwa mkono wa kushoto, taratibu. Kufuta kwa nguvu, duara baada ya duara, bega halikumruhusu, na alikuwa na aibu ya kumwambia mtu. Hivyo kila asubuhi baada ya maombi alifunua turubai, akapaka tabaka, akafunika. Kama moja halikung'aa, aliona kesho ataongeza. Lile kopo kubwa la nta tuliyoipika liliisha. Akapika nyingine mwenyewe, sufuria ndani ya sufuria, kwa nta aliyoipata kwa watu wa vijijini kwa kuwapa vigoda, na kwa chupa ya pili ya tapentaini aliyoiagiza Lilongwe. Miezi mitatu. Na kwa kuwa fundi wa Kindu alikuwa akipiga randa ya mkono hatua mbili kutoka hapo, vumbi la mbao na maranda membamba yaliingia chini ya turubai na kukaa juu ya nta mbichi, tabaka kwa tabaka, kama chapati za kukunja.

Mvua ziliisha. Asubuhi ya Jumamosi tulisikia honi ya pikapu. Bwana wa Chilinde aliingia na vibarua wawili, mkanda ukiwa begani, akatusalimu wote, akaniuliza habari za jino, akashika pembe ya turubai na kuivuta.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa ya manjano. Ilikuwa na manyoya. Meza yote ya chuma ilikuwa imevimba na kuota maranda yaliyojikunja, nyuki wawili wakitembea juu yake wakitafuta mlango. Ilionekana kama mnyama aliyelala, wa aina ambayo hawajaamua bado kuiweka katika kitabu.

Bwana wa Chilinde akatoa leso akafuta paji la uso.

"Mmeipika?" akauliza.

"Ni nta," nikasema, "ni nta tu, chini yake chuma kiko salama, kinadharia," na hapo hapo nikajua neno la mwisho lilikuwa la ziada.

"Papa," fundi wa Kindu akamnong'oneza baba mdogo, "ulipaka ngapi?"

"Kila siku."

"Na kufuta?"

Baba mdogo alilishika bega lake, na mimi na fundi wa Kindu tukaelewa kwa pamoja, na hakuna aliyecheka.

"Mi nilizania njo wewe ulisema hivyo," fundi wa Kindu akaniambia.

Bwana wa Chilinde hakuwa mkali. Alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuumizwa na msumeno kwamba ameona, inatosha, na akawaambia vibarua waipakie mashine. Baba mdogo akakaa kwenye benchi na kuutazama mkono wake wa kulia uliolala mapajani, kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenziwe stesheni.

Kibarua wa kwanza alishika ukingo wa meza, wa pili upande wa pili, wakahesabu, wakainua. Mikono ikaenda juu peke yake. Mashine ilibaki. Walijitazama viganja. Wakashika tena, wakahesabu, na mmoja akakaa chini ghafla. Mwingine akaamua kuikumbatia; ilimteleza taratibu kutoka kifuani mpaka magotini, naye akabaki na manyoya ya maranda kuanzia kidevuni. Wakafunga kamba. Kamba ikavuka ncha ya meza kama nyoka anayekwenda zake.

"Mashine haitaki," akasema fundi wa Kindu kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Ni msuguano," nikasema. "Hakuna msuguano."

"Njo nimesema."

Bwana wa Chilinde akawatupia magunia matupu wakamatie. Wakayashika, wakabana, wakavuta kwa nguvu zao zote, na magunia yakapita juu ya meza kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mkwaruzo mmoja mrefu. Katikati ya manjano palibaki njia. Njia ile ilikuwa nyeusi, na ndani yake kulikuwa na dirisha letu, na paa letu, na uso wa kibarua akishangaa.

"Simama," akasema bwana wa Chilinde.

Akasogea. Akainama juu ya ile njia, akageuza kichwa kushoto, kulia. Akafunua meno, akayakagua yote, ya juu na ya chini. Akakwangua kwa ukucha. Ukucha haukukuta kitu.

"Rudia hapo," akawaambia. "Pale pembeni. Bonyeza."

Wakabonyeza. Njia ikawa pana. Akachukua gunia la tatu mwenyewe, mimi nikavua kitambaa cha kichwa, fundi wa Kindu akaleta shati lake la zamani, na tukafuta wote watano duara baada ya duara, tukikanyagana, tukipumua nta, miezi mitatu ya asubuhi za baba mdogo ikitoka mikononi mwetu kwa mabonge. Hapakuwa na doa. Hapakuwa na alama ya kidole, wala ya tone, hata kwenye zile pembe ambazo mimi na fundi wa Kindu tulizifuta vibaya siku ile ya kwanza.

"Mnaweka nini humu?" bwana wa Chilinde akaniuliza, na nikamwambia yote, nta, tapentaini, sufuria ndani ya sufuria. Alisikiliza sana mpaka kwenye tapentaini.

"Na jino?"

"Halikuwahi kuuma."

Akafuta meza kidogo. "Ule mzizi niliununua kwa mama yule kwa hela yangu," akasema, kisha akataka makopo mawili ya nta kwa ajili ya mashine yake mpya, na akavua mkanda begani.

Baba mdogo alikuwa amesimama. Nilimwendea. Nilitaka kumwambia kwamba matabaka yake nusura yatunyang'anye mashine, na kwamba matabaka hayo hayo ndiyo yaliyowashinda vibarua, na kwamba bado hatujui, kwa kipimo chochote, kama moja lililofutwa vizuri lisingetosha.

"Papa, kwa nini hukuniambia bega haiwezi kufuta?"

"Ungeuliza kwa nini haiwezi," akasema. "Halafu kwa nini ya hiyo. Wakati huo nimeshapaka."

Injini ikawashwa, mkanda ukashika, visu vikaanza kuimba. Baba mdogo aliweka ubao wa mninga juu ya meza. Mkono wa kulia aliutia mfukoni. Akausogeza ubao kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, bila haraka, kama anayemsukumia mgeni sahani, nao ukaondoka. Ulipita visu, ukatoka upande wa pili kabla fundi wa Kindu hajajiandaa kuupokea, ukamgonga tumboni. Akakaa chini juu ya maranda, ubao mapajani, akaupapasa kutoka ncha hadi ncha.

"Laini," akasema. "Lete ingine. Polepole, mukubwa."